Nani Atabaki na Kihara?

Gilgil,
Jumapili, 4 Mei 2025

Mama,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata Cheruto, ambaye tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, na ambaye kwa kawaida hunitoa maneno kama mtu anayekamua ng'ombe. Kihara ananiita mama.

Si mara moja. Ilianza likizoni, ile wiki Aunty Lynn aliacha kazi ya kutulelea Kihara akaenda kufungua saluni yake na wewe ukawa unashinda Kabazi kwenye waru, viazi vya utafiti wako. Nilikuwa nakoroga uji, naye amening'inia kwa sketi yangu. Akasema, "Mama, moto." Nikageuka kuangalia kama umerudi. Hukuwepo. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nikamwambia, "Sema Nangi."

"Mama."

Tabby akacheka mpaka akalala kwa sakafu. "Huyo si mama, ni Nangi! Mama ako kwa waru!"

Kihara akamwangalia Tabby, akaniangalia mimi, akafikiria kama mzee wa kanisa anayeombwa ruhusa, halafu akasema tena, "Mama, moto."

Basi nikaitika. Na siku zilizofuata nikawa naitika bila kufikiria. Ukirudi jioni alikuwa anakimbia kwako na kukuita hivyo hivyo, kwa hivyo wewe hukuona kitu. Ila mimi, ukiwa umeingia, alikuwa hana jina la kuniita. Alikuwa ananivuta tu nguo.

Nakuandikia kwa sababu ana kwa ana ningeangalia sinki. Unanijua. Barua hii namkabidhi Bwana Oduor, dereva wa shule, ambaye kila Jumatatu na Ijumaa huja Nakuru kuchukua mboga. Ameahidi ataiacha kwa duka la Mama Kimberly hapo jirani.

Usikasirike. Sijui hata ninaomba nini.

Wako,
Nangila

*

Free Area, Nakuru,
10 Mei 2025

Nangi wangu,

Barua yako nimeisomea dukani kwa Mama Kimberly nikiwa nimembeba mwenyewe huyo mshtakiwa mgongoni. Nimecheka peke yangu mpaka Mama Kimberly akaniuliza kama nimeshinda kitu.

Usijisumbue, mwanangu. Mtoto wa mwaka na nusu humwita mama kila mtu anayemletea chakula. Jana alimwita hivyo yule mzee wa maziwa, na una habari na ndevu za yule mzee.

Sisi tuko sawa kabisa. Msichana mpya wa kazi alikuja Jumatano, akapenda nyumba, akapenda watoto, Jumapili akaenda kanisani, na mpaka leo ibada haijaisha. Tutapata mwingine. Kwa sasa nimepunguza safari za Kabazi kidogo, ili Kihara anione zaidi. Si jambo kubwa. Viazi havihitaji kubembelezwa, na Cucu yuko pale shambani kwake. Nimemfanya mama yangu mzazi msaidizi wangu wa utafiti! Nilimpeleka kwenye vitalu vyote vinne. Nikamweleza: Mami, hivi vitatu udongo nimeutibu, kila kimoja kwa dawa yake, tuone ni ipi inazuia mnyauko. Hiki cha nne, cha kando ya njia, sikukitia chochote. Hiki tunakiacha kiugue, ili tuwe na cha kulinganisha. Usikiguse.

Akaniangalia. "Rahab, unapanda waru ili zife?"

"Ndiyo, Mami."

"Na tulikusomesha."

Lakini alikubali. Kwa hivyo usiwe na wasiwasi na PhD yangu, hii ndiyo hatua ya mwisho na niko pazuri. Wewe shughulika na vitabu vyako. Nimekutumia sabuni, pedi na ile siagi ya njugu. Cheruto asiimalize peke yake.

Mama yako,
Rahab

*

Gilgil,
Jumapili, 15 Juni 2025

Mama,

Jana wazazi walikuja na wewe hukuja. Baba alifika na Tabby, na kuku, na chapati zimefungwa kwa ile taulo ya kijani. Akasema Kihara ana kifua ndiyo maana umebaki. Nikaamini. Tukakaa kwa nyasi nyuma ya jumba la mikutano, tukala. Kisha Tabby, mdomo umejaa, akasema:

"Mama haendi tena kwa waru. Cucu aliziharibu. Mama alilia kwa bafu akasema ni sabuni."

Baba akakohoa. "Tabby, kula kuku."

"Na nakula."

Nikamwangalia Baba. Unajua vile yeye hawezi kuficha kitu, masikio yake yanamsaliti. Nikamngoja mpaka akasema yote. Kwamba tangu nilipokuandikia ile barua ulikaa karibu mwezi mzima bila kukanyaga Kabazi. Kwamba ulipoenda ulikuta kitalu cha nne kimekuwa kizuri kuliko vyote, kwa sababu Cucu aling'oa kila mmea uliokuwa umenyauka na kupandikiza mizima mahali pake. Kwamba takwimu za msimu wote haziwezi kutumika. Na kwamba umemwandikia Profesa Kang'ethe kumwambia unaacha.

"Ameamua watoto kwanza," Baba akasema. "Ni uamuzi wake. Usimwambie nimekuambia."

Sasa nimekuambia kwamba ameniambia.

Mama, ni barua yangu iliyofanya hivi. Sikuiandika uache. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala chini ya meza ukiandika, nikisikia vile unavyobonyeza kompyuta kwa nguvu kama mtu anayekanda unga, na nilikuwa najua hapo uko sawa, hapo hakuna kitu kibaya kinaweza kuingia. Huwezi kuacha sasa. Hata hutafanana na wewe.

Nimefikiri. Muhula wa tatu nihame nije shule ya kutwa hapo Nakuru. Nikitoka darasani nachukua Tabby na Kihara, na wewe unaenda shambani bila kuangalia saa. Najua kukoroga uji, kufua na kulaza. Kusema kweli hapa sijawahi kuzoea. Ni baridi, githeri wanayotulisha ina mawe, na sina marafiki wa maana. Sitaacha kitu chochote nyuma.

Mwandikie Profesa tena. Tafadhali.

Nangila

*

Nakuru,
20 Juni 2025

Nangi,

Babako amekaa hapa anajifanya anasoma gazeti, masikio yote mawili mekundu. Sijamkaripia. Afadhali amesema.

Sasa sikiliza upande wa Cucu, kwa sababu sitaki umchukie. Unajua ile njia ya kwenda kanisani inapita kando ya kitalu cha nne. Kila Jumapili akina mama wa ushirika walikuwa wanasimama pale wakiangalia majani yaliyolala. Mmoja akasema kwa sauti, na akamtaja Cucu kwa jina, "Msichana wa Tabitha alisoma mpaka akasahau kulima." Cucu akavumilia Jumapili ya kwanza. Akavumilia ya pili. Kwa mtu wa Kabazi kuacha viazi vinyauke kando ya barabara, na wewe unaviona, na jembe unalo, ni kama kumpeleka mtoto kanisani bila suruali. Jumatatu akaamka, akang'oa vyote vilivyougua, akavichoma, akapandikiza miche mizima kutoka shamba lake la juu, akaweka na majivu. Nilipofika alikuwa amenisubiri kwa lango, ananionyesha kwa mkono kama mtu aliyenijengea nyumba.

"Nimekuokolea jina," akaniambia.

Ningesema nini? Nilimshukuru. Nikanywa chai. Nikaingia ndani ya gari la jirani aliyenileta, tukarudi Nakuru.

Lakini ningekuwa naenda kila wiki ningeona mapema. Hilo si kosa lako, ni hesabu yangu mwenyewe niliyoipiga vibaya. Nilidhani kazi inaweza kunisubiri kimya kimya kwa sababu haina mdomo wa kulia.

Na baadaye, barua yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Nilijisikia mjinga. Uliponiandikia kwamba Kihara anakuita mama, mimi niliona kidole kimenyooshwa kwangu. Kumbe ulikuwa unasema umetukosa. Mtoto wangu mpole ameketi huko kwenye baridi bila rafiki na mimi namtumia siagi ya njugu. Nisamehe.

Nilimpigia Profesa Kang'ethe. Akasema, "Rahab, kuna mvua ya vuli. Panda mwezi wa tisa, uvune mwezi wa kwanza. Msimu mmoja. Hakuna mwingine nitakaoweza kukuombea." Swali lililobaki lilikuwa moja tu, nani atabaki na Kihara, na wewe umelijibu kabla sijathubutu kukuuliza. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimelifikiria, nikajikemea.

Nimeshapata nafasi katika shule moja nzuri ya kutwa, unatembea tu kwa miguu. Barua ya uhamisho nimempelekea naibu mkuu wenu, Madam Jepkemei. Mwezi wa nane utakuwa nyumbani. Tutakutengea ile meza ya dirishani.

Nimelala usingizi jana. Usingizi wa kweli.

Mama yako anayekupenda,
Rahab

*

Gilgil,
1 Julai 2025

Mama,

Likizo fupi ilikuwa nzuri. Nimefika salama. Asante kwa kunitafutia nafasi.

Nimeanza kupanga vitu vyangu. Usinitumie sabuni nyingine, iliyopo itatosha mpaka mwisho wa muhula.

Wasalimie wote. Mwambie Tabby penseli yake nilibeba kwa bahati mbaya.

Nangila

*

Gilgil,
8 Julai 2025

Kwa Mama Nangila,

Niaje mathe. Samahani, nianze upya. Habari ya nyumbani, Mama. Mimi ni Cheruto, yule wa siagi ya njugu. Najua hukutarajia barua yangu, na Nangila akijua nimekuandikia ataninyima mgongo wake wa kuotea joto siku ya baridi, kwa hivyo ukimaliza kusoma hii uchome.

Mama, huyu mtoto wako anakudanganya. Anakudanganya kwa adabu sana lakini anakudanganya.

Nilimuuliza, uliandika nini nyumbani mpaka unahamishwa? Akasema aliandika hana marafiki. Nikamwambia, na mimi ni nani, stuli?

Wacha nikueleze, maana naona hajakuambia. Sisi tunaitwa fisi. Si kwa ubaya, au ni kwa ubaya kidogo. Jumatano tunapewa nyama, na wenzetu wakimaliza, mimi na Nangila tunapita meza kwa meza na ndoo tukiomba mifupa. Tunaichoma nyuma ya jikoni kwa moto wa polepole ndani ya mtungi uliofunikwa, tunaisaga, tunaosha, tunaipanga kwa bomba, na tunapitisha maji ya kisima. Ni ya kuondoa ile madini inayofanya meno kuwa ya kahawia. Meno yangu ni ya kahawia, Mama. Nimekulia maji ya huku. Tangu darasa la nne nacheka na mkono mdomoni. Watu huniambia nipige mswaki. Nangila ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza, "Nyumbani mnakunywa maji ya wapi?"

Wazo ni lake. Mimi ni wa ndoo na wa kelele.

Sasa sikia hii. Unajua yeye haongei darasani. Mwalimu wa Fizikia aliwahi kumuweka hayupo, na alikuwepo, amekaa mbele. Lakini mwezi uliopita mwalimu wa Kemia alimwita aeleze mtambo wetu kwa Kidato cha Tatu chote. Nikasema leo tumekufa. Akasimama. Sauti ilikuwa ndogo, tukanyamaza ndiyo tusikie. Akaeleza kipindi kizima, Mama! Kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Mtu akauliza swali la kumnasa, akajibu, akacheka. Alicheka mbele ya watu.

Tumechaguliwa kwenda maonyesho ya sayansi ya mkoa mwezi wa tisa. Mradi umeandikishwa kwa jina la shule. Akihama, jina lake linatolewa na wanaweka la mtu mwingine. Wameshaanza kutafuta mtu. Jana nilimkuta ndani ya maabara anamwonyesha Achola wa mkondo wa Three East jinsi ya kupanga mifupa ndani ya bomba, taratibu, kama mtu anayemuachia jirani maagizo ya kuku. Nikatoka nje nikalia. Mimi huwa silii, uliza mtu yeyote.

Nikimuuliza kwa nini usimwambie mama yako, anasema, "Ana meno manane." Nikasema nani? Anasema, "Kihara. Hawezi kubaki peke yake, ana meno manane." Kila nikijaribu, ananijibu na yale meno.

Mimi sijui mambo ya kwenu na sitaki kuingilia. Huenda hamna njia nyingine. Kwetu mimi ndiye wa tano, kila mtu hulelewa na aliye karibu, kwa hivyo naelewa. Nilitaka tu ujue kwamba akija, hatakuwa anakimbia huku. Atakuwa ameacha kitu nyuma.

Siagi ilikuwa tamu.

Wako mtiifu,
Cheruto

*

Nakuru,
13 Julai 2025

Nangi,

Nitaanza na lililo gumu. Rafiki yako ameniandikia. Aliniambia niichome barua na sikuichoma. Usimnyime mgongo. Ningekuwa na rafiki kama huyo nilipokuwa na umri wako, ningefika mbali mapema.

Nilimsomea Babako, kwa sauti, mezani. Nilipofika pale pa stuli akacheka. Nilipofika pale pa Achola akaweka kikombe chini.

Nikamwambia, "Makhanu, tutafanyaje? Lynn ameenda, wasichana wawili wamekuja na kuondoka, Cucu yuko mbali, Nangila harudi. Nani atabaki na Kihara?"

Akasema, polepole, kama mtu anayegusa kidonda, "Mimi hakuna mtu amewahi kuniuliza."

"Kukuuliza nini?"

"Hilo swali. Umeliuliza mbele yangu tangu mwezi wa nne. Umemuuliza Mama Kimberly. Umemuuliza Profesa. Ulimuuliza mpaka pasta. Mimi niko hapa."

Nangi, nilikuwa na la kujibu. Nilitaka kumwambia, na wewe kwa nini hukusema? Na nikamwambia. Akasema pale kiwandani kwao kuna zamu ya alfajiri, inaisha saa nane mchana, na kila mwaka wanatafuta watu wa kuichukua kwa sababu hakuna anayeitaka. Angeweza kuwa nyumbani kila alasiri. "Lakini nilidhani hamniamini na uji," akasema. Na akaogopa wenzake wangemwita yaya. Sasa, mtu na miaka yake, akaogopa jina, na msichana wa miaka kumi na sita akawa anajiandaa kuacha maabara. Tulikuwa tumeipanga nyumba nzima juu ya mabega yako, na mabega mengine yamekaa pale pale yanasoma gazeti. Tuliongea mpaka chai ikaota ngozi. Hatukuongea vizuri muda wote, nisikudanganye. Lakini tuliongea.

Tumeamua hivi. Amechukua zamu ya alfajiri kuanzia mwezi wa nane. Asubuhi Kihara atakuwa kwa Mama Kimberly dukani, saa nane Babako anamchukua, halafu anampitia Tabby shuleni. Alhamisi na Ijumaa Kihara anakuja na mimi Kabazi na anabebwa na Cucu. Hiyo nimeipanga kwa akili: Cucu akiwa na huyo mzigo mgongoni hawezi kuinama kung'oa kitu. Na kitalu kisichotibiwa safari hii nakipanda nyuma ya zizi, ambapo hakuna ushirika unapita.

Nitavunja mioyo ya watu bado. Kutakuwa na siku Kihara ana homa na mvua inanyesha shambani, na nitachagua moja na kuumia kwa nyingine. Zamani nilidhani mwanamke anayejua kujipanga hafiki hapo. Sasa naona kila mtu anafika. Kinachobaki ni nani yuko naye hapo. Nimekubali hivyo, na sioni aibu. Napenda watoto wangu na napenda ule udongo, na sitaki kuuliza tena ni kipi ninachopaswa kukionea haya.

Lakini hayo ni mambo yangu. Sasa nataka yako. Likizo fupi tulikaa jikoni moja, wewe unamenya vitunguu, mimi naosha masufuria, na kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kitu kwa upendo. Tuache. Usiniandikie jibu la kunifurahisha. Kama kweli unataka kuja nyumbani, mlango uko wazi, na hakuna atakayekufanya yaya. Kama unataka kubaki, sema unataka.

Na kuna jambo moja. Nimempigia simu Madam Jepkemei nikitaka kuiondoa barua ya uhamisho. Akaniambia, "Mama, nimechoka na wazazi wa kugeuza maneno. Mwezi uliopita ulikuwa na haraka, leo una haraka nyingine. Neno la simu silikubali. Mtoto mwenyewe aniambie, kwa mdomo wake, kufikia Ijumaa tarehe kumi na nane. Akinyamaza, nafasi yake ninampa mwingine." Nilijaribu kumweleza kwamba wewe na kuongea mna mambo yenu. Akasema anajua, ndiyo maana anataka kukusikia.

Hapo siwezi kukusaidia, mwanangu. Ningeweza ningekuja kwa miguu.

Mama

Nangila binti yangu, mimi ni Babako. Leo nimekoroga uji. Ulikuwa na madonge. Kihara aliangalia kikombe, akaniangalia mimi, akanywa. Tabby anasema nilizidisha moto. Nitajifunza. Baki ukitaka. — Makhanu

*

Gilgil, ndani ya maabara,
Ijumaa, 18 Julai 2025

Mama,

Nilifurahi kuondoka.

Nimeiandika juu kabisa ili nisipate nafasi ya kuipamba. Siku ya kufungua shule, Kihara alinishikilia shingo pale langoni, mkamtoa kidole kimoja kimoja, akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi pia nililia. Lakini tulipopita Mbaruk nikahisi mikono yangu miepesi. Hakuna mtu alikuwa ndani yake. Nikaiweka juu ya magoti nikaiangalia, nikafurahi, Mama, nikafurahi mpaka nikaona aibu, na ndiyo sababu nilikuandikia ile barua ya kwanza. Nilitaka kuilipia ile furaha. Sikuwa nakunyooshea kidole, na sikuwa mpweke. Wote wawili tulikosea, mimi nilivyoandika na wewe ulivyopokea.

Na kuna nyingine. Nilipenda kuitwa mama. Hicho ndicho kilinitisha. Niliona naweza. Ningeweza kufanya hiyo kazi kila siku na kuifanya vizuri, na watu wangesema Nangila ni msichana mzuri, na mimi ningenyamaza, maana kunyamaza ndiyo kipaji changu, mpaka siku moja nishindwe kukumbuka kama kuna kitu kingine nilikuwa nataka.

Kipo. Nataka kubaki. Nataka kwenda maonyesho na mifupa yangu. Nataka kujua kwa nini maji ya bomba la tatu yanatoka safi kuliko la kwanza, na sisi tuliyapanga sawasawa. Nataka upande viazi vyako mwezi wa tisa na sitaki uniambie umevipanda kwa ajili yangu. Uvipande kwa ajili ya viazi. Kihara nampenda na nitamkoroga uji likizoni, nikiwa dada yake.

Mwambie Baba maji ya baridi kwanza, unga uyeyuke, ndipo aweke kwa moto.

Cheruto nimemsamehe jana. Alinikumbusha kwamba sikuwa nimekasirika, nikasema ni kweli. Tulifanya mazoezi. Yeye alikuwa Madam Jepkemei, akavaa sweta langu begani na kutembea kama Madam. "Haya, msichana, sema." Nikaangalia sakafu. "Msichana, mimi siko kwa sakafu." Tukacheka mpaka kiranja wa bweni akatufukuza.

Leo asubuhi nilienda mpaka mlango wa ofisi yake. Nikasikia anaongea na simu, nikarudi. Saa nne nikaenda tena. Hakuwa na simu. Nikarudi vilevile. Basi nikamtuma Cheruto amwambie niko huku maabara na nina jambo la kumwambia, na sasa siwezi kurudi popote kwa sababu chumba hiki kina mlango mmoja.

Anakuja. Viatu vyake vinajulikana, kisigino kimoja kinagonga zaidi ya kingine. Amepita stoo. Wenzangu wakisikia hivyo visigino huficha walichonacho, na mimi nimeshaweka mkono juu ya karatasi, na karatasi ni barua tu kwa mama yangu.

Nimeutoa mkono. Nimeigeuza karatasi ielekee mlangoni, akitaka asome.

Madam, nabaki. Madam, nataka kubaki. Nataka kubaki hapa. Nimeiandika ili mdomo uifuate.

Kitasa kimegeuka. Nasimama.

Nangila